Gauni Lisilokaliwa

Tega sikio nikutegee. Nina nyumba ya hariri. Kuiingia nafunikwa uso, nikisimama inasimama nami, nikikaa inakufa. Nini hiyo?

Usiniambie jeneza, jeneza halivaliwi. Usiniambie hema. Umeshindwa? Baki na mji wako, mimi nataka masikio yako tu. Ni gauni, mwanangu. Si hili langu la kupikia, hili limekaliwa mpaka limesahau lilikuwaje. Nasema gauni la kupigwa picha, lile linaloazimwa kwa fundi wake asubuhi na kurudishwa jioni kama lilivyotoka, bila jasho, bila poda, bila mkunjo ambao fundi hakuuweka mwenyewe.

Siku ninayoisimulia, gauni lilikuwa la rangi ya maziwa, limejaa marinda kuanzia kiunoni hadi miguuni, membamba kama kurasa za kitabu. Aliyelishona ni bibi mmoja mkali ambaye hakuwa na tabia ya kuazima kazi ya mikono yake. Alimwazima Pini baada ya kusumbuliwa sana, na pale mlangoni alimshika mkono akamwambia, "Marinda haya yamekunjwa kwa mvuke. Yakipondeka, pasi yako ya mvuke itayafungua, haitayarudisha. Anayelivaa asikae. Umenisikia? Asikae."

Pini ndiye aliyekuwa mtunza mavazi wa studio ile. Jina hilo alipewa kwa sababu ya pini alizozipanga kwenye ukosi wa shati lake, na nyingine alizozibana midomoni wakati wa kazi, hata ukimsalimia anakujibu kwa nyusi.

Na aliyelivaa gauni ni mwanamitindo wanayemwita Wima. Wenzake walichoka, wakalalamika miguu, yeye alisimama tu. Lakini si kusimama peke yake kulikompa sifa. Wima alijua kuvaa nguo isiyo yake. Alikuja kazini hana manukato wala hereni, mikono ameiosha, mafuta hajapaka. Kabla ya kuvaa alijifunika uso kwa kitambaa chepesi, rangi ya midomo isiguse shingo ya nguo. Akiharibu kitu, hata uzi mmoja, alikuwa wa kwanza kusema. Watunza mavazi walimgombania kama maji ya bomba.

Sasa, Pini na Wima walipendana. Studio nzima ilijua, na wao wenyewe wakadhani ni siri. Ilianza na kibao. Pini alimwona anavyosimama baina ya picha na picha, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, haombi kitu. Akaenda kwa seremala akajifunza, akamtengenezea kibao cha kuegemea: kirefu, kimelala kidogo kwa nyuma, kina mito na mahali pa kuwekea mikono. Ukiegemea hapo unapumzika na nguo haikunjiki. Alipomletea hakusema neno, maana alikuwa na pini mdomoni. Wima akaegemea, akafumba macho, na alipoyafumbua akakuta bado anatazamwa. Hapo mambo yakaisha. Au yakaanza, sema upendavyo.

Basi Wima alikuwa ameegemea kibao hicho, kavaa gauni, anangoja taa ziwe tayari, mlango wa chumba cha kuvalia uliposukumwa.

"Hodi," alisema mama mmoja, huku keshaingia.

Alikuwa mfupi, mnene, ana mkoba mweusi kwapani. Alikitazama chumba kona hadi kona kama anayekagua vitanda. Na kweli, maisha yake yote alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, hadi alipostaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Wima?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni mama yake huyo mnayemwita Pini. Nilimpa jina zuri tu, nyie mkamgeuza kifaa cha kushonea."

Wima alitaka kucheka, akaona uso ule hauchekewi. Pini alikuwa amemwambia kwamba mama hataki kusikia habari zake, hamjui ila hamtaki.

"Karibu, mama. Pini yuko kule ndani kwenye taa, nikuitie?"

"Sikumfuata yeye, nimekufuata wewe. Kaa tuongee."

"Samahani, mama, nitaegemea hapahapa. Ni hili gauni..."

"Unaniegemea ubao kama mlinzi wa geti?" Mama alijitupa kwenye kiti kimoja, akakisogeza kingine kwa mguu. "Nimetoka nyumbani alfajiri kuja kuongea na wewe, na wewe unataka kunisimamia kichwani? Nimeambiwa watoto wa kazi hii hawana heshima, nikasema labda ni maneno ya watu. Kaa, binti."

Hebu fikiri. Nyuma yake kuna sheria ya kazi: usikae. Mbele yake kuna mama wa mwanamume anayempenda, amesema kaa, na amesema mara ya pili. Ungefanyaje wewe? Wima alilikusanya gauni kwa mikono miwili, akajishusha taratibu, akakaa ukingoni mwa kiti, nusu paja, pumzi kaibana. Marinda yakalia chini yake, sauti ndogo kama ya mtu anayekunja karatasi. Aliisikia hiyo sauti mpaka kwenye meno.

"Sasa tunaonana macho," mama alisema. "Mwanangu ameniambia anataka kukuleta nyumbani. Nimemwambia hapana. Amenijibu, mtoto ambaye hakuwahi kunijibu tangu azaliwe! Kwa ajili yako."

"Sikumtuma akujibu, mama."

"Sijasema umemtuma. Nasema hivi: kazi yako wewe ni kuvaa nguo za watu. Unavaa, unapendeza, unavua, unatundika, unaondoka. Leo hii, kesho ile. Mwanangu si nguo. Utamvaa naye, upendeze naye, ukichoka umtundike?"

Hasira ilimpanda Wima kutoka miguuni. Ilipita magoti, ikapita kifua, ikafika kooni, akaimeza kama dawa chungu.

"Nakuuliza swali moja na nataka jibu moja," mama akaendelea. "Utamwacha mwanangu, au humwachi?"

Wima alifungua mdomo. Lakini sauti ya mpiga picha ilipasua ukuta: "Wima! Taa tayari! Njoo, mrembo!"

"Nenda," mama alisema akinyanyuka. "Nitakaa pale kwenye benchi la ukumbini mpaka unipe jibu langu. Na haya ni yetu sisi wawili. Asijue kama nilikuja. Niahidi."

"Naahidi, mama."

Alisema kabla hajapima uzito wake. Ndivyo ahadi zilivyo.

Studio ilikuwa baridi. Karatasi kubwa nyeupe ilishuka kutoka dari hadi sakafuni, na Wima akaikanyaga kwa viatu vya kuazima vilivyobandikwa tepu chini ili soli zisichubuke. Alikuwa amekwisha kuamua aseme mwenyewe, mara moja, kama anavyosema siku zote. Alimtafuta Pini kwa macho. Lakini Pini alikuwa ameshapita nyuma yake na klipu za kubana kiuno.

Mikono ya Pini ikasimama hewani.

Alitoa pini mdomoni, zote, akazimimina kiganjani. "Umekaa," akasema.

"Ndiyo. Nilikuwa nakuja kukwambia. Nimekosa, Pini, nisamehe. Tutafute upande wa kupigwa picha..."

"Umekaa!"

Mpiga picha, mwanamke mwenye sauti nzito, alishusha kamera. "Kuna nini tena huko nyuma?"

"Amelikalia! Njoo uone! Marinda yote yamelala kama nyasi zilizopitiwa na gari!" Sauti ya Pini ilipanda mpaka ikavunjika. "Bibi yule hamwazimi mtu, ameniazima mimi, amenishika mkono akaniambia neno moja. Neno moja! Na wewe nilikwambia asubuhi, ukacheka, ukasema, 'Unamfundisha samaki kuogelea.' Kwa nini ulikaa?"

"Nimesema nimekosa."

"Sikuulizi umekosa au hujakosa. Nina macho. Nauliza kwa nini."

Dada mpambaji, aliyekuwa kasimama na brashi yake ya poda, aliitazama sakafu. Feni ikazunguka peke yake.

"Ulichoka?" Pini aliuliza. "Kibao kilikuwa hapo! Nimekitengeneza kwa mikono hii, nikajigonga kidole mpaka kucha ikang'oka, ili wewe usichoke. Ukakiacha, ukakalia kiti. Au ulikuwa na simu? Ulikaa ujipige picha zako?"

"Pini, usinivunjie heshima."

"Heshima! Neno hilo limeingiaje mdomoni kwako leo? Mama aliniambia kuhusu watu wa kazi hii, nikambishia. Nimegombana na mama yangu mzazi kwa ajili yako. Nikamwambia, 'Huyu si kama hao, huyu anajua thamani ya kitu cha mtu.' Kumbe!"

Hiyo "kumbe" ndiyo iliyomchoma. Mengine yote angeyavumilia. Wima aligeuka kumtazama, na ile hasira aliyoimeza kule chumbani ikarudi juu yote, na nyingine imezaliwa njiani.

"Umemaliza?" aliuliza taratibu. "Basi nisikilize. Sheria za nguo unazijua zote. Unajua ipi haipigwi pasi na ipi haitundikwi. Za mtu je? Mwanamitindo akikosea anaitwa nyuma ya pazia, anaambiwa huko, hata akilia analia huko. Hafokewi kwenye taa mbele ya watu waliomwajiri. Mimi nimeharibu gauni, ni kweli. Wewe umeniharibu mimi. Kati yangu na gauni, nani atakayerudishwa jioni kama alivyotoka?"

Hakungoja jibu. Alishuka kwenye karatasi, akaenda zake.

Chumbani, dada mpambaji alimfuata amfungulie zipu.

"Mpige kiatu," alimnong'oneza. "Nitasema sikuona."

"Viatu vya kuazima hivi. Vitachubuka."

Mwenzake aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Wima hakucheka. Alichukua kitambaa akajifunika uso, akalishusha gauni pole, bega moja, bega la pili, akatoka ndani yake kwa mguu ulionyooka. Hasira iliishia kwenye viwiko, vidole hakuvipa. Alilitundika gauni kwenye hanga pana, akazifunga tepe zake za kulishikilia, akayanyoosha marinda moja moja kwa kiganja kikavu, yale yaliyokubali na yale yaliyokataa, akaliacha wazi ili joto la mwili litoke kabla halijafunikwa. Hapo ndipo alipovaa nguo zake mwenyewe, na hizo alizivaa kwa kuzipigia kelele.

"Wima." Pini alikuwa nje ya pazia. Kuingia hakuthubutu.

"Nenda."

"Niambie tu. Neno moja. Mimi nitamwambia nini bibi fundi?"

"Mwambie ni mimi. Nitamwendea mwenyewe."

"Na mimi utaniambia nini?"

Pazia lilikuwa na mwanya. Wima aliiona mikono ya Pini ikijaribu kuzirudisha pini kwenye ukosi, zikidondoka, ikiokota, zikidondoka tena. Mikono ile ile aliyoipenda kabla hajampenda mwenye nayo. Alisogea hatua. Maneno yalikuwa yamefika ncha ya ulimi: mama yako. Maneno mawili tu yangemaliza kila kitu, na Pini angeanguka hapo hapo miguuni pake.

Akayarudisha. Alikuwa ameahidi.

"Sina la kukwambia," alisema.

"Basi kama hili huwezi kuniambia, tukiwa nyumba moja utaniambia nini?" Sauti ya Pini sasa ilikuwa ya chini, na ubaya wake ulizidi ile ya kelele. "Labda mama alikuwa sahihi."

"Sahihi kwa lipi?"

Sauti hiyo haikutoka nyuma ya pazia. Ilitoka mlangoni. Mama mwenye mkoba mweusi alikuwa amesimama pale, na bila shaka kutoka kwenye benchi la ukumbini alikuwa amesikia kila kitu, maana mwanawe alipiga kelele za kutosha mtaa mzima.

"Mama?" Pini aliruka. "Umefikaje huku?"

"Kwa miguu. Nimekuuliza, sahihi kwa lipi?"

Pini alilionyesha pazia kwa kidole. "Kuhusu Wima. Amelikalia gauni lisilokaliwa, na hataki kusema kwa nini."

"Gauni gani hilo lisilokaliwa? Mtu akichoka je?"

"Akichoka anaegemea, mama. Hapo, kwenye kibao. Ndiyo kazi yake. Gauni hili likikaliwa limekwisha, halipigwi pasi likarudi. Ndio maana nimemfokea."

Mama alikitazama kibao. Akavitazama viti viwili, bado vimeelekeana kama walivyoviacha. Wima alilisukuma pazia akatoka, akasimama, mikono kaifumbata kifuani. Hakumwomba mama chochote. Hakumkonyeza wala hakulainisha jicho. Alimtazama tu, kwa hasira safi isiyo na matusi, kama kusema: jibu unalo wewe, fanya upendavyo.

Na mama angeweza kunyamaza, wajua. Alichokuja kukitafuta alikuwa amekwisha kukipata. Kunyamaza kidogo tu, kisha amshike mwanawe mkono waende nyumbani, na habari za msichana yule ziishie hapo.

Alilisogelea gauni pale kwenye hanga. Alizitazama tepe zilizofungwa, marinda yaliyonyooshwa kwa mkono.

"Nani amelitundika hivi?"

"Yeye," Pini alisema.

"Baada ya makelele yale?"

"Ndiyo, baada ya..."

"Nimelea wasichana bwenini mpaka nikazeeka," mama alisema bila kugeuka. "Nimewaona wakikasirika. Msichana akikasirika, nguo huokotwa sakafuni, tena na mwingine. Sijamwona aliyevua kwa hasira akatundika hivi." Alivuta pumzi. "Na si yake."

"Mama, sikuelewi."

"Utanielewa sasa hivi. Alikaa kwa sababu nilimwambia akae. Alitaka kunieleza habari za gauni, nikamkatiza. Nikamwambia hana heshima, nikamwamuru tena, akakaa. Kisha nikamfunga mdomo kwa ahadi kwamba usijue nilikuja." Sasa aligeuka. "Umemfokea mbele za watu kwa kuniheshimu mimi. Haya, sasa nifokee mimi. Au kwangu sauti haitoki?"

Uso wa Pini ulibadilika, ukabadilika tena. "Wima," alisema. "Wima, mbona hukusema..."

"Niliahidi."

"Nisamehe. Nisamehe, mpenzi wangu, sikujua..."

"Usinisogelee!" Alirudi nyuma hatua. "Hukujua, na hukungoja kujua. Simu! Mimi nikae nijipige picha na gauni la mtu? Umenijua tangu lini, Pini? Na huo msamaha usiniletee huku nyuma ya pazia. Ulinifokea kwenye taa, utaniomba msamaha kwenye taa, mpiga picha akiwepo, dada wa poda akiwepo, na feni ikiwepo."

"Nitaomba. Sasa hivi nitaomba."

"Si sasa hivi. Sasa hivi sitaki kuisikia sauti yako."

Mama alikohoa. "Fundi nitamwendea mimi," alisema. "Nitamwambia akae tuongee." Halafu, kwa mara ya kwanza, mdomo wake ulitaka kucheka, akaukataza. "Ila mimi nilikuja na swali, na jibu langu sijapewa. Nikae, au nami nisimame?"

Wima alikisogeza kiti kwa mguu, vile vile kama alivyosogezewa yeye. "Kaa, mama."

Mama akakaa, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Wima hakukaa. Alikwenda kwenye kibao chake akaegemea, kisogo chake kikigusa mto ulioshonwa na yule mjinga aliyesimama pale na pini zake mkononi. Kutoka kimo hicho alimtazama mama wa watu utosini, na mama safari hii hakulalamika.

"Haya," mama alisema. "Utamwacha mwanangu, au humwachi?"

"Simwachi, mama," Wima alijibu. "Lakini leo ondoka naye, maana nikimwona tena kabla ya kesho nitamchoma kwa pini zake mwenyewe, moja moja, na hiyo samahani sitaiomba."